Sifuri ya Agosti: Yanga, Vipers na kilele cha Wiki ya Mwananchi 2022

Jumamosi ya Agosti 6, 2022, Yanga walifungwa 2-0 na Vipers ya Uganda kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, mbele ya watu wao wenyewe, siku ya kilele cha Wiki ya Mwananchi, sherehe ya klabu kabla ya msimu. Ilikuwa mechi ya kirafiki. Hapakuwa na pointi wala kombe, na wiki moja baadaye Yanga hao hao walimfunga Simba kwenye Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu. Lakini kwa siku zile saba za katikati Jangwani, makao ya Yanga, kulikuwa kama kuna msiba, na maneno yaliyosemwa wakati ule bado yanarudi kila Agosti, yakibadilishwa majina ya wachezaji tu. Ndiyo maana nataka kukirudia kisa hiki kwa utulivu, sasa kwa kuwa tunajua kilichofuata.

Mimi ni Yanga, na siandiki kama mtu wa katikati. Ninachoshikilia ni kwamba kipigo kile kilikuwa na habari muhimu ndani yake. Bahati mbaya habari hiyo karibu haikuguswa, kwa sababu kelele zote zilikwenda kwenye mambo ambayo mechi ile haikuwa na uwezo wa kuyathibitisha.

Kwanza tukumbuke tulikuwa wapi. Msimu wa 2021/22 Yanga walichukua ubingwa wa 28 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, wakakata mbio za Simba aliyebeba kombe misimu minne mfululizo. Julai 2 wakaongeza Kombe la Shirikisho la Azam pale Arusha, kwa penalti dhidi ya Coastal Union baada ya sare ya 3-3 iliyotutoa jasho kuliko mechi yoyote ya mwaka ule. Siku chache baadaye Injinia Hersi Said akachaguliwa kuwa rais wa klabu. Halafu likaja dirisha la usajili: Stephane Aziz Ki kutoka ASEC Mimosas, beki wa kushoto Joyce Lomalisa, kiungo Gael Bigirimana aliyewahi kuvaa jezi ya Newcastle, Lazarous Kambole kutoka Kaizer Chiefs, na Bernard Morrison anayerudi kutoka Msimbazi, kwa watani wetu Simba, jambo ambalo peke yake lilitosha kumkosesha mtani usingizi. Ongeza hao kwa Djigui Diarra, Yannick Bangala, Djuma Shabani, Khalid Aucho, Feisal Salum na Fiston Mayele waliokuwapo tayari, kisha niambie shabiki gani angekwenda Kwa Mkapa siku ile akiwa na wasiwasi.

Shabiki wa Yanga alikuwa amekaa msimu mzima bila kuonja kufungwa kwenye ligi. Kufungwa kulikuwa kumeshageuka jambo la majirani.

Halafu kuna aina yenyewe ya siku. Mechi ya kirafiki ya kawaida huchezwa kambini, geti limefungwa, na matokeo yakivuja yanavuja kwa tetesi. Kilele cha Wiki ya Mwananchi ni sherehe. Watu wanaingia tangu mchana, muziki unapigwa, viongozi wanapanda jukwaani, kisha wachezaji wanaitwa mmoja mmoja, wapya wakibakizwa mwisho ili uwanja ulipuke. Mpira wenyewe unakuja jioni, wakati sauti zimeshakauka na matumaini yameshafika angani. Timu ikifungwa saa hiyo, haijafungwa kwenye mazoezi, imefungwa ukumbini. Na mtani hayuko mbali. Agosti 8, siku mbili tu baadaye, Simba walifanya Simba Day yao uwanja huo huo wakamfunga St. George ya Ethiopia 2-0. Tarakimu zile zile, upande wa pili. Ukitaka kuelewa kwa nini kipigo cha kirafiki kilipewa uzito wa kipigo cha dabi, anzia hapo: tulikuwa tunapimwa na Simba kabla hata hatujakutana na Simba.

Dakika za mwisho za mechi ile mbele yangu alikuwepo kijana mwenye jezi mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya mfuko. Alisimama, akaanza kutafuta njia ya kutoka. Mzee mmoja aliyekaa pembeni, kofia ya njano kichwani, akamshika mkono wa jezi.

"Kaa, mwanangu. Mpira haujaisha."

"Mzee, ndiyo timu gani hii tuliyosajiliwa?"

"Kaa. Mwaka jana Zanaco alitufunga hapa hapa. Nani alikuja kubeba kombe?"

Kijana alikaa, ingawa sidhani kama aliridhika. Nimemkumbuka yule mzee mara nyingi kwa sababu alikuwa sahihi kuhusu kombe, na hata hivyo hoja yake ilikuwa na tundu ambalo nitalirudia.

Nje ya uwanja yakaanza maneno. Kwamba kocha wetu, Nasreddine Nabi, amelewa ubingwa. Kwamba Simba walikwenda kambi Ismailia, Misri, wakati sisi tulibaki Avic Town, Kigamboni, kwa hiyo tutegemee nini. Kwamba wapya ni magarasa, tumeuziwa majina. Kwamba Ngao ya Jamii imeshakwenda Msimbazi. Simu zetu zilijaa salamu za "Utopolo", jina la kejeli la watani kwetu, kutoka kwa watu ambao kwa mwaka mzima walikuwa wamepotea hewani. Upande wa pili wakasimama watetezi, nao hawakuwa na subira: mechi ya kirafiki haina maana yoyote, matokeo yake ni ya kufuta, anayelalamika si Mwananchi wa kweli.

Kambi zote mbili zilikosea, na zilikosea kwa namna moja. Zote ziliitazama ile mbili. Moja ikasema mbili ni balaa, nyingine ikasema mbili si kitu. Sikuona watu wengi wakiitazama sifuri.

Lakini kabla ya sifuri, tumtendee haki mgeni. Vipers hawakuwa timu ya kuokoteza. Walikuja wakiwa mabingwa wa Uganda wa msimu uliokuwa umeisha tu, chini ya Mbrazili Roberto Oliveira, tunayemjua wote kama Robertinho. Oktoba ya mwaka ule ule waliitoa TP Mazembe kwa penalti kule Lubumbashi na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao. Timu inayoweza kwenda Lubumbashi ikarudi na tiketi haishangazi ikija Dar es Salaam Agosti na kushinda. Mtu aliyesema siku ile kwamba tumefungwa na timu ya mchangani alikuwa hajui amemtazama nani.

Mwendo wa Vipers baada ya hapo pia unatufundisha kutoharakisha hesabu. Kwenye makundi walipangwa na Raja, Horoya na Simba, wakamaliza mkiani. Simba aliwafunga 1-0 kwao Uganda, akawafunga 1-0 tena Kwa Mkapa. Ukiamua kutumia ile hesabu ya vijiweni, kwamba A kamfunga B na B kamfunga C, basi Simba alikuwa bora kuliko Yanga kwa tofauti isiyo na mjadala. Msimu ulipoisha, Yanga alikuwa bingwa kwa pointi 78 na Simba wa pili kwa 73. Kati ya Agosti na Februari Vipers yenyewe ilikuwa imebadilika. Robertinho mwenyewe alishaondoka, Januari 2023, na kwenda Simba. Hakuna timu inayosimama mahali pamoja ikingoja ulinganisho wetu.

Sasa miguu. Mwezi wa maandalizi kocha anapandisha mzigo wa mazoezi kwa makusudi: mbio, nguvu, vipindi viwili kwa siku. Misuli inachoka, na inatakiwa ichoke, ili mzigo ukija kupunguzwa karibu na mashindano mwili urudi ukiwa na akiba. Mchezaji anayecheza katikati ya kipindi hicho anachelewa nusu hatua kila mahali. Anafika kwenye mpira wa pili mwenzake ameshaugusa. Anaona pasi, lakini mguu unafika baada ya jicho. Timu mbili zikiwa kwenye hatua tofauti za maandalizi, ile iliyokwisha kupunguza mzigo inaonekana bora kuliko ilivyo. Hilo pekee linaweza kuzaa bao moja au mawili, na ndiyo sababu ya kwanza ya kutomhukumu kocha kwa tarakimu za siku moja ya Agosti.

Kuna jambo la pili ambalo mashabiki hatulizungumzi sana. Ndani ya timu, vitu havikomai kwa pamoja. Ulinzi unafundishika mapema: umbali kati ya beki na beki, nani anapanda, nani anabaki, mstari unasimama wapi. Wiki tatu za kazi nzuri zinatosha kuupa umbo. Mashambulizi yanachelewa, kwa sababu yanategemea watu kujuana. Mayele anapenda mpira upitishwe lini? Aziz Ki akiupata mguu wa kushoto, anatazama goli au anatazama mtu? Lomalisa akipanda, anapiga krosi ya kwanza au anasubiri? Majibu ya maswali hayo hayaandikwi ubaoni, yanapatikana kwa dakika nyingi za kucheza pamoja. Timu iliyosajili watu wa mbele na wa pembeni kwa wingi italipa gharama hiyo mwanzoni mwa msimu, haijalishi imekaa kambi Misri au Kigamboni.

Ndipo tunafika kwenye sifuri. Yanga iliyomaliza ligi bila kufungwa, yenye mshambuliaji aliyefunga mabao 16 msimu uliopita, ilicheza nyumbani, uwanja umejaa, na haikufunga bao. Kufungwa mabao mawili kunaweza kuelezwa kwa uchovu na kujaribu vikosi. Kutofunga nako kunaweza kuelezwa hivyo hivyo kwa Agosti. Tofauti ni kwamba mabao ya kufungwa yaliisha mapema kuwa tatizo, ile sifuri iliendelea kutufuata.

Lakini siku saba baadaye haikuonekana hivyo hata kidogo. Agosti 13, Ngao ya Jamii. Pape Sakho akaifungia Simba mapema, na mpaka mapumziko tulikuwa nyuma kwa bao moja. Nadhani kila Mwananchi alikuwa anawaza kitu kimoja wakati ule, kwamba waliosema walisema. Kipindi cha pili Mayele akasawazisha mapema, kisha zikiwa zimebaki kama dakika kumi akafunga la pili. Uwanja ukatetema pamoja naye. Wale waliosema Nabi amelewa ubingwa wakawa wa kwanza kuimba jina lake, na sikuona ubaya wowote. Shabiki ana haki ya kubadilika na matokeo. Ndiyo raha yenyewe ya kuwa shabiki.

Ushindi ule ulifuta utabiri wote mbaya kuhusu dabi. Lakini ulifuta pia nafasi ya kuizungumza ile sifuri. Tulisema: mmeona, kirafiki hakina maana. Tukafunga faili.

Septemba ikatusaidia kulifunga zaidi. Kwenye hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa tulipangwa na Zalan ya Sudan Kusini, mechi zote mbili zikachezwa Dar es Salaam, tukashinda 4-0 na 5-0. Mabao tisa. Nani angekuja na habari za ukame wa mabao mbele ya tarakimu hizo? Kisha Oktoba akaja Al Hilal ya Sudan, timu iliyozoea makundi. Kwa Mkapa 1-1. Omdurman 1-0 kwao. Tumetoka, na safari ya Ligi ya Mabingwa imekufa mapema tena. Tukateremka Kombe la Shirikisho Afrika, tukakutana na Club Africain ya Tunisia: mechi ya kwanza, nyumbani, suluhu.

Panga mechi hizo pamoja. Vipers nyumbani, sifuri. Al Hilal nyumbani, bao moja. Al Hilal ugenini, sifuri. Club Africain nyumbani, sifuri. Katika mechi nne dhidi ya timu zenye nidhamu ya kujipanga, ukiiweka ile ya kirafiki ndani ya hesabu, bao moja tu. Kwenye ligi mambo yalikuwa yanakwenda, pointi zinaingia, Mayele anafunga. Tatizo lilijitokeza pale tu mpinzani alipokuwa wa kiwango cha Afrika, na Agosti 6 ilikuwa mara ya kwanza msimu ule kukutana na mpinzani wa aina hiyo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo habari iliyokuwemo ndani ya mechi ya Vipers.

Sitaki kuivuta kamba mpaka ikatike. Mechi nne ni chache, na mpira una bahati yake. Wala sisemi kwamba kipigo cha Agosti kilisababisha kutolewa Oktoba. Nasema kilikuwa kimetuonyesha mahali pa kutazama, sisi tukatazama kwingine.

Hapa ndipo lilipo tundu la hoja ya yule mzee wa kofia ya njano. Ni kweli Agosti 29, 2021, Zanaco ya Zambia ilitufunga 2-1 kwenye kilele cha Wiki ya Mwananchi. Ni kweli pia kwamba mwezi uliofuata Mayele aliimaliza Simba 1-0 kwenye Ngao, na msimu ukaisha na kombe bila kipigo. Lakini katikati yake kuna Rivers United. Septemba 2021 Wanigeria hao walitufunga 1-0 Dar es Salaam, wakatufunga 1-0 kwao, tukatoka Ligi ya Mabingwa hatua ya awali bila kufunga bao hata moja. Kuna aliyesema sababu ni kwamba Aucho, Djuma na Mayele walikosekana kwenye mechi ya kwanza kwa mambo ya usajili, na hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, ukichukua miaka hiyo miwili unapata picha inayofanana sana: kipigo cha kirafiki dhidi ya timu nzuri ya nje, kisha ushindi dhidi ya Simba, kisha ubingwa wa ndani, na katikati yake kutolewa mapema kwenye Ligi ya Mabingwa.

Kwa hiyo aliyesema "Zanaco alitufunga tukachukua ubingwa" alikuwa anasoma nusu ya ukurasa. Mechi zile mbili za kirafiki hazikutuambia lolote kuhusu ligi ya nyumbani. Ilionekana kana kwamba zilitudanganya kwa sababu tulikuwa tunaziuliza kuhusu Simba. Tungeziuliza kuhusu Afrika, zingetujibu vizuri zaidi.

Na wanaodhani ushindi wa kirafiki ndio unaosema ukweli, kuna kisa cha mtani. Simba Day ya 2023 Simba alimfunga Power Dynamos ya Zambia 2-0, shangwe juu ya shangwe. Wiki chache baadaye timu hizo hizo zikakutana kwenye Ligi ya Mabingwa. Zambia ikawa 2-2, Dar es Salaam ikawa 1-1, na Simba akapita kwa bao la ugenini huku roho ikiwa mkononi. Timu ile ile, na safari hii mbinu zake zilikuwa zimeshaonwa. Yale mabao mawili ya Agosti hayakumsaidia chochote zaidi ya kumpa mpinzani mazoezi.

Turudi Jangwani. Ile sifuri ilivunjwa Novemba 9, Radès, nchini Tunisia. Aziz Ki, yule yule aliyeitwa garasa kabla hajamaliza mwezi, alifunga bao pekee dhidi ya Club Africain na kutuingiza makundi. Nakumbuka nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini baada ya furaha nilijiuliza kwa nini bao lile lilikuja ugenini, na nadhani jibu ni kwamba ugenini mpinzani alilazimika kufunguka. Nafasi ilikuwepo, na Aziz Ki ni mchezaji wa nafasi. Kwa Mkapa, mbele ya umati wetu, timu za namna ile huja kukaa chini na kusubiri kosa, na sisi tulikuwa bado hatujapata ufunguo.

Uongozi, kwa sifa zao, haukungoja mwisho wa msimu. Dirisha dogo la Januari 2023 akaletwa Kennedy Musonda kutoka Power Dynamos, mshambuliaji anayetokea pembeni na kuingia ndani, asiyehitaji mpira uletwe mguuni ndipo awe hatari. Akaletwa Mudathir Yahya, kiungo anayekimbia kuingia boksi bila mpira, jambo ambalo timu ilikuwa imelikosa. Matokeo yake tuliyaona. Makundi yalianza kwa kufungwa 2-0 na Monastir kule Tunisia, kisha Kwa Mkapa Mazembe akala tatu, Real Bamako mbili, Monastir mwenyewe mbili. Lubumbashi tukashinda 1-0 na kumaliza vinara wa kundi. Robo fainali, Rivers United, deni la 2021: Mayele akafunga mawili Nigeria, nyumbani ikawa suluhu iliyotutosha. Nusu fainali Marumo Gallants ya Afrika Kusini akafungwa nje ndani. Kwa mara ya kwanza tangu Simba ya 1993, klabu ya Tanzania ilikuwa fainali ya Afrika.

Fainali nayo ikachezwa kwa mtindo tuliouzoea. Mei 28, 2023, Kwa Mkapa, USM Alger wakashinda 2-1. Juni 3, Algiers, Djuma Shabani akafunga penalti, tukashinda 1-0 kwenye uwanja ambao timu nyingi hushukuru kutoka na kipigo kidogo. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini. Kila ninapoikumbuka mechi ile ya Dar es Salaam inaniuma kuliko zote za msimu ule, na ndiyo inayonifanya nisikubali kauli kwamba Agosti haikuwa na maana. Tulikosa kombe la Afrika nyumbani, dhidi ya timu iliyojipanga, kama tulivyoanza msimu nyumbani dhidi ya timu iliyojipanga. Tulikuwa tumepunguza tatizo kwa kiasi kikubwa mno. Hatukuwa tumelimaliza.

Vipi kuhusu zile tuhuma nyingine za Agosti? Nabi alibeba ligi na Kombe la Shirikisho la Azam mwaka ule, akaifikisha timu fainali ya Afrika, akaondoka Juni akiwa kocha anayedaiwa na wengi kuwa bora aliyewahi kupita Jangwani kwa miaka ya karibuni. Kuhusu magarasa, waliosema walipata wengine na kuwakosa wengine: Kambole na Bigirimana hawakupata nafasi ya kudumu, Lomalisa alikuwa nguzo ya upande wa kushoto, na Aziz Ki msimu wa 2023/24 alifunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye dakika za mechi ya Vipers zingeweza kumtolea hukumu. Mchezaji wa kigeni aliyeshuka nchini wiki chache zilizopita, akapigiwa muziki mchana kutwa, kisha akaambiwa acheze, hajaonyesha chochote bado. Na kambi ya Misri? Simba aliyekwenda Ismailia alimaliza wa pili, na kocha aliyempeleka huko, Zoran Maki, hakufika katikati ya Septemba.

Robertinho yeye aliendelea kuwa mwiba wetu kwa muda. Aprili 16, 2023, akiwa na Simba, alitufunga 2-0 kwenye dabi, matokeo yale yale aliyotupa akiwa na Vipers. Kuna watu wanaona mkosi hapo. Mimi naona kocha aliyekuwa amesoma mahali tunapokwama na akajipanga kwa ajili ya hilo mara mbili. Novemba 5, 2023, tulipompiga 5-1 na kibarua chake kikaota nyasi, Yanga ilikuwa na kocha mwingine, Miguel Gamondi, na namna nyingine kabisa ya kufungua timu inayojificha.

Baada ya kipigo kile kulikuwa na sauti ndani ya mashabiki zilizotaka klabu iache kualika timu ngumu kwenye kilele. Mleteni mpinzani mwepesi, zifungwe tano, watu warudi nyumbani wakicheka. Naelewa hisia hiyo. Mtu ametoka Mbeya au Tabora kwa basi kuja kushangilia. Lakini Zalan walitupa mabao tisa, na wiki tatu baadaye Al Hilal wakatuonyesha mabao hayo hayakununua kitu. Nafurahi uongozi haukusikiliza. Mwaka uliofuata akaja Kaizer Chiefs, tukashinda 1-0 kwa taabu, na 2024 akaja Red Arrows ya Zambia, tukashinda 2-1. Hizo ndizo mechi ninazotaka kuziona kwenye kilele, hata nikirudi nyumbani nimefungwa.

Kitu ninachokitaka zaidi ni kwamba washambuliaji wapya wawe wameshakutana na mabeki wa kweli, geti likiwa limefungwa, kabla ya siku hiyo. Wapewe dakika pamoja, wale wale watatu au wanne wanaotarajiwa kuanza Septemba, hata kama kikosi kingine kinabadilishwa kila nusu saa. Na benchi la ufundi likija kuzungumza na waandishi baada ya mechi, mtu mmoja aulize kuhusu mechi ya kwanza ya Afrika: imebaki wiki ngapi, na tutafungaje bao timu itakayokuja Kwa Mkapa kukaa nyuma.